Maswali ya Wasomaji: Seli B na Watu Waliozifuata Maisha Yao Yote

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, yaani protini zinazoshika vijidudu, kwa kutumia seli nyeupe za damu ziitwazo seli B, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua nne. Nazijibu kama mtu aliyefanya kazi na seli hizi maabarani kwa miaka mingi, kwa hiyo msomaji atanisamehe pale nitakapoonekana kuwa na upendeleo.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nasikia wapo watafiti waliotumia maisha yao yote ya kazi wakichunguza seli B peke yake. Je, aina moja ya seli inaweza kumtosha mtu miaka hamsini? Naomba pia kujua asili ya herufi B, kwa kuwa vitabu vyangu viwili vinapingana: kimoja kinataja uboho, kingine kinataja kiungo cha ndege.

Mwalimu, kitabu cha pili ndicho sahihi, ingawa cha kwanza nacho kilibahatisha jambo la kweli, kama utakavyoona. Herufi hiyo inatokana na bursa, kifuko kidogo kilicho juu ya tundu la haja la ndege, ambacho mwanaanatomia wa Padua, Hieronymus Fabricius, alikieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1621 baada ya kifo chake. Kwa zaidi ya karne tatu hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, Bruce Glick, alikuwa akiwaondoa vifaranga kifuko hicho ili aone watapungukiwa na nini, wala hakuona jambo la maana. Ndipo mwanafunzi mwenzake, Timothy Chang, alipowachukua kuku wa Glick ili awaonyeshe wanafunzi jinsi kuku aliyechomwa sindano ya bakteria wa salmonela anavyotengeneza kingamwili. Somo likaharibika, kwa sababu baadhi ya kuku hawakutengeneza chochote. Walipofuatilia ni kuku gani hao, wakakuta ni wale walioondolewa bursa. Jarida moja kubwa la sayansi liliikataa makala yao, nayo ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la sayansi ya kuku, mahali ambapo madaktari wa binadamu hawakuwa na desturi ya kupita.

Mmoja aliyepita ni Max Cooper, na maisha yake ya kazi ndiyo jibu bora ninaloweza kulitoa kwa swali lako la kwanza. Cooper alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Mississippi, akawa daktari wa watoto, na mwaka 1963 akajiunga na maabara ya Robert Good katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kilichomsumbua kilitoka wodini. Walikuwapo watoto wa kiume ambao damu yao haikuwa na kingamwili karibu kabisa, ugonjwa ambao daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alikuwa ameueleza mwaka 1952 kwa mtoto wa miaka minane; watoto hao walishambuliwa na bakteria mara kwa mara, lakini wakiugua surua walipona kama wenzao. Walikuwapo wengine, wenye maradhi tofauti ya kurithi, ambao kingamwili walikuwa nazo na bado virusi vya kawaida viliwalemea. Ikiwa kinga ya mwili ni mfumo mmoja unaotokana na chanzo kimoja, kama wengi walivyodhani wakati huo, hali hizo mbili haziwezi kuelezeka kwa pamoja.

Cooper akarudi kwa kuku. Aliwaondoa vifaranga wapya kifuko cha bursa, na wengine tezi ya thaimasi, kisha akawapiga mionzi, kwa sababu alishuku kwamba baadhi ya seli huwa zimekwisha kuhama kutoka katika viungo hivyo kabla kifaranga hajaanguliwa, na kwamba seli hizo zilizotangulia ndizo zilizokuwa zikivuruga majaribio ya wengine. Hila hiyo ya mionzi ndiyo iliyoleta tofauti yote. Waliokosa bursa hawakuwa na seli za plazima, yaani seli zinazomwaga kingamwili, wala kingamwili zenyewe, ilhali seli nyeupe zao nyingine zilikuwapo na ngozi ya kupandikizwa waliikataa kama kawaida. Waliokosa thaimasi walikuwa na upungufu wa aina nyingine kabisa. Matokeo hayo ya mwaka 1965 ndiyo yaliyotugawia seli B, za bursa, na seli T, za thaimasi.

Binadamu, hata hivyo, hana bursa. Kwa miaka kadhaa Cooper na wengine waliitafuta katika tishu zilizo kandokando ya utumbo, njia iliyokuwa na mantiki nzuri na ambayo haikufika popote. Mwaka 1974, akifanya kazi London pamoja na John Owen na Martin Raff, walionyesha kwamba ini la kijusi cha panya, likikuzwa ndani ya chombo maabarani, huzalisha seli B lenyewe. Baada ya kuzaliwa kazi hiyo huhamia kwenye uboho. Kwa Kiingereza jina la uboho linaanza kwa herufi ileile B, na hapo ndipo kitabu chako cha kwanza kilipobahatika.

Kutoka hapo swali moja lilizaa jingine. Walizitambua seli ambazo bado hazijakamilika, zilizokwisha kutengeneza kipande kimoja cha kingamwili na kukificha ndani bila kukitoa nje ya utando. Mara seli hizo zilipojulikana, ikaonekana kwamba baadhi ya saratani za damu za watoto ni seli hizohizo zilizokwama njiani na kuanza kuongezeka ovyo, na kwamba watoto wenye ugonjwa ule wa Bruton wanazo ndani ya uboho lakini hazivuki hatua hiyo. Kimeng'enya wanachokikosa kilijulikana mwaka 1993, kikaitwa BTK, na miaka ishirini baadaye dawa inayokizuia makusudi, ibrutinib, iliidhinishwa Marekani kwa saratani za seli B: kasoro iliyomdhoofisha mtoto ikawa ramani ya kuidhoofisha saratani.

Akiwa anakaribia umri wa miaka sabini, wakati wenzake wengi wamestaafu, Cooper aligeukia lamprei, samaki wa umbo la mkunga asiye na taya, ambaye ukoo wake ulitengana na wetu zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwaka 2004 kundi lake lilitangaza kwamba samaki huyo ana vipokezi, yaani protini za juu ya seli zinazoshika kijidudu, vya aina nyingi mno kama vyetu, ila vimejengwa kwa protini ya jamii nyingine kabisa. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na Jacques Miller, aliyegundua kazi ya tezi ya thaimasi. Kwa hiyo, mwalimu, nadhani neno «seli moja» ndilo linalopotosha. Cooper alipitia kuku, mtoto, panya na samaki, akiuliza kila mahali jambo lilelile: seli hii inapataje kipokezi chake kabla haijakutana na adui yeyote?

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kipokezi cha seli B na kingamwili ni kitu kimoja au viwili? Na ikiwa binadamu ana jeni zipatazo elfu ishirini tu za kutengenezea protini, anapataje mamilioni ya kingamwili tofauti?

Marahaba, mwanangu. Ni kitu kimoja chenye miisho miwili. Chora herufi Y. Gerald Edelman na Rodney Porter walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba umbo hilo limeundwa kwa minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, na kwamba ncha zake mbili za juu ndizo zinazoshika antijeni, yaani sehemu ya kijidudu inayoingiana nazo kwa umbo. Seli B ambayo haijakutana na kijidudu chake ina Y hizo zipatazo laki moja juu ya utando wake, zote za umbo moja, shina likiwa limezama ndani ya utando. Hicho ndicho kipokezi. Seli hiyo ikiamshwa na kugeuka seli ya plazima, jeni ileile inasomwa kwa namna tofauti kidogo mwishoni mwake, kipande cha kuishikiza kwenye utando kinaachwa, na Y zinamwagwa kwenye damu kwa maelfu kila sekunde. Sasa zinaitwa kingamwili.

Hapa pana jambo ambalo lilinikosesha usingizi nilipokuwa mwanafunzi. Mkia wa kipokezi unaoingia ndani ya seli, kwa kipokezi cha aina ya IgM, una amino asidi tatu tu. Tatu! Mkia mfupi namna hiyo hauwezi kupeleka habari yoyote ndani. Jibu ni kwamba kipokezi hakiko peke yake: kimefungamana na protini mbili ndogo, Ig-alfa na Ig-beta, na hizo ndizo zenye mikia mirefu. Michael Reth, aliyefanya kazi yake kubwa mjini Freiburg nchini Ujerumani, alibainisha mwaka 1989 kwamba mikia ya namna hiyo katika vipokezi mbalimbali vya kinga ina mpangilio uleule wa amino asidi unaojirudia. Mpangilio huo ndio swichi. Ulitambuliwa kwa kuyasoma mafuatano ya amino asidi na kuyalinganisha, yaani kwa macho na kalamu kabla ya majaribio, na hadi leo ndio kiini cha tunachokijua kuhusu jinsi seli B inavyoamshwa.

Kuhusu hesabu yako ya jeni, uko sahihi kushangaa. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa, akifanya kazi Basel nchini Uswisi, alilinganisha DNA ya kijusi cha panya na ya seli inayotengeneza kingamwili, akakuta vipande vilivyokuwa mbalimbali katika kijusi vimesogezwa karibu katika seli ile. Seli B hukata DNA yake yenyewe na kuiunga upya. Kwa mnyororo mzito, binadamu ana vipande vipatavyo 40 vya kundi la kwanza vinavyofanya kazi, 23 vya kundi la pili na 6 vya kundi la tatu, na seli huchagua kimoja kutoka kila kundi: 40 mara 23 mara 6 ni 5,520. Mnyororo mwepesi unatoa michanganyiko ipatayo 320. Zidisha, utapata zaidi ya milioni 1.7. Hapo bado hatujahesabu herufi za DNA zinazoongezwa bila mpango maalumu kwenye viungo, na hizo ndizo zinazoipandisha idadi mbali kupita uwezo wa kuhesabu kwa vidole. Vimeng'enya vinavyokata, RAG1 na RAG2, viligunduliwa katika maabara ya David Baltimore mwaka 1989 na 1990.

Ona basi maana yake. Kijidudu hakiifundishi seli umbo la kutengeneza. Mwanakemia mkubwa Linus Pauling alidhani mwaka 1940 kwamba kingamwili hujikunja kulizunguka umbo la antijeni kama udongo mbichi kwenye kiganja, na alikosea. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia alipendekeza kinyume chake: maumbo yote yapo tayari, kila seli ina lake moja, na kijidudu kinachofanya ni kuichagua tu ile inayokifaa ili iongezeke. Mwaka uliofuata Gustav Nossal na Joshua Lederberg walilijaribu wazo hilo. Waliwachanja panya kwa aina mbili za salmonela, wakaiweka kila seli peke yake ndani ya tone dogo, wakatia bakteria wanaoogelea, kisha wakatazama kwa hadubini bakteria gani wanasimama. Baadhi ya seli ziliwasimamisha wa aina ya kwanza, nyingine wa aina ya pili. Haikuonekana seli iliyowasimamisha wote wawili.

Mimi ni muuguzi. Wazazi huniuliza kwa nini chanjo nyingine hurudiwa mara mbili au tatu, na mimi hujibu kwamba ni «kukumbusha mwili». Je, jibu hilo linatosha?

Dada au kaka muuguzi, si jibu baya, lakini linaacha nusu tamu ya hadithi. Dozi ya pili haikumbushi tu, inaboresha. Baada ya dozi ya kwanza, seli B zilizochaguliwa hukusanyika katika vituo vidogo ndani ya tezi za limfu na wengu, na humo hufanya jambo ambalo seli nyingine mwilini zingehesabiwa kuwa zimeugua: huyabadilisha makusudi mafuatano ya jeni zao za kingamwili, herufi baada ya herufi. Kimeng'enya kinachofanya hivyo kiligunduliwa na kundi la Tasuku Honjo nchini Japani mwaka 1999. Mengi ya mabadiliko hayo ni hasara, na seli zilizoharibika hufa palepale. Chache hushika antijeni kwa nguvu zaidi kuliko mama yao, hupata msaada wa seli T, huongezeka, na hurudia mzunguko. Dozi inayofuata huzikuta seli za kumbukumbu zilizotokana na mchujo huo na kuzisukuma tena.

Wazazi wakikuuliza kinga inakaa wapi miaka yote hiyo, waambie hivi: kingamwili za aina ya IgG zilizo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 21 hivi. Kwa hiyo kingamwili za surua alizo nazo mtu mzima hazikutengenezwa alipokuwa mtoto. Zimetengenezwa mwezi huu, na seli za plazima zilizohamia kwenye uboho na kukaa humo kwa miongo kadhaa zikifanya kazi ileile moja.

Nina shahada ya kwanza ya biolojia na ninafikiria kusomea sayansi ya kinga ya mwili hadi uzamivu, nikilenga seli B. Kazi yenyewe ya kila siku ikoje, na je, bado kuna lililobaki la kugundua?

Ndugu yangu, nitaanza na kazi ya kila siku, kwa kuwa watu wengi huiacha kwa sababu hawakuambiwa. Unachukua mililita kumi za damu, unaimwaga polepole juu ya kimiminika kizito ndani ya mrija, mrija ukiwa umeinamishwa na mkono wako ukiwa umetulia, kisha unauzungusha kwenye mashine kwa dakika ishirini au thelathini. Ukiutoa, chembe nyekundu zimeketi chini, maji ya manjano yako juu, na katikati pana mstari mweupe mwembamba kama moshi uliosimama. Mkono ukitikisika, umepotea. Ndani ya mstari huo una seli zipatazo milioni kumi, na seli B ni kama moja katika kila kumi. Ile unayoitaka, yenye kipokezi cha kijidudu unachokichunguza, huenda ikawa moja katika maelfu ya seli B. Unazipaka rangi zinazong'aa, unazipitisha moja moja mbele ya leza, na jioni unaondoka na bamba lenye vishimo 96, kila kimoja kikiwa na seli moja, kama mkono wako na bahati vimekubaliana.

Katika mwaka wangu wa pili nilipoteza miezi minne nikishangilia seli adimu ambazo zilinaswa na kila kitu nilichozipaka. Zilikuwa seli zilizokufa, ambazo hushikwa na rangi yoyote bila ubaguzi, na mimi sikuwa nimetia rangi ya kuzitambua. Hakuna aliyenilaumu zaidi ya nafsi yangu.

Kuhusu lililobaki, nikupe mfano mmoja. Tangu mwaka 1961 tunajua kwamba kingamwili zinafaa dhidi ya malaria, kwa kuwa Sydney Cohen na Ian McGregor waliwapa watoto wagonjwa wa Gambia kingamwili zilizosafishwa kutoka kwa watu wazima, na vimelea vikapungua katika damu yao. Miaka hamsini na tano baadaye, watafiti waliochambua seli B za watu wazima wa Kenya walikuta kingamwili ambazo ndani yake mna kipande cha jeni nyingine kabisa, LAIR1, kilichotoka kwenye kromosomu ya 19 na kujichomeka katikati ya jeni ya kingamwili iliyo kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho hasa ndicho kinachoshika protini ambazo kimelea huzipandikiza juu ya chembe nyekundu. Kila nilichomweleza mwanafunzi hapo juu kuhusu kukata na kuunga hakikutabiri jambo hilo. Jinsi kipande kinavyohama kutoka kromosomu moja hadi nyingine, na jinsi chanjo ingeweza kuzitafuta seli za namna hiyo kwa makusudi, ni kazi ya watu wa umri wako.

Kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, omba nafasi ya miezi michache katika maabara yoyote inayotenganisha seli za damu, hata kama haifanyi utafiti wa seli B. Uniandikie tena ukishauona mstari ule mweupe kwa macho yako mwenyewe.